Wawili Juu ya Pikipiki Moja

Kabla ya kuwasha pikipiki, Séraphin alikata kipande cha shina la mgomba, kinene kama paja la mtu, akakifunga kwa kamba katikati ya kiti. Yeye akakaa mbele ya shina, Léontine akakaa nyuma yake, upande-upande, kitambaa kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wanawake waliokuwa wakipeleka maziwa Masisi walitua vyombo vyao wapate kucheka vizuri. Mwaka ule wa 1953 pikipiki ilikuwa bado ajabu milimani, sembuse pikipiki yenye mgomba. Mmoja akatega kitendawili: "Wawili wanakula njia moja, hawaonani sura." Wenzake wakajibu kwa pamoja kwamba ni bwana na bibi waliogombana. Kicheko kiliwafuata mpaka kwenye kona.

Léontine hakuitaka safari ile. Lakini Séraphin alikuwa amefika jana yake, matope mpaka masikioni, na habari moja: Victorine, bibi yake kijana, yuko na uchungu katika dispensari ya Mubi, na mtoto amekataa kutoka. Wamama wa huko wamesema kuna mtu aliyemfungia kinyongo rohoni. Hapo hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Siku Victorine alipoingia kwa Séraphin, Léontine alimwaga pombe ya arusi chini mbele za watu, akaapa kwamba nyumba hiyo hataikanyaga. Tangu hapo alikaa kwa ndugu zake, akilima maharagwe, hataki kusikia habari za wale wawili. Sasa Victorine alikuwa akimwita yeye tu. Ilibidi aende mwenyewe, ateme maji ya baraka kwa kinywa kilekile kilichoapa, kabla hawajafa wote, mama na mtoto. Lori la abiria lilikuwa limekwama matopeni, na ndugu yake wa kumsindikiza alilala na homa.

Mvua za kwanza za mwezi wa tisa zilikuwa zimeosha milima. Nyasi ziling'aa, ng'ombe walisimama huko juu kama walioshonwa kwenye majani, na ukungu ulipanda kutoka mabondeni kama mvuke wa sufuria. Uzuri wa bure kwa mtu mwenye haya. Léontine aliangalia vidole vya miguu yake.

Alipochoka, hakumwambia Séraphin. Aliiambia pikipiki.

"Pikipiki, mugongo yangu inauma. Simama kidogo."

Séraphin akasimama, akaliambia gurudumu kwamba pikipiki imesikia. Wakala viazi vitamu, Léontine nyuma ya jiwe, Séraphin ng'ambo ya barabara akiwa amempa mgongo.

Kwenye mteremko wa kwenda Kalembe, kamba ilikatika. Shina la mgomba likachomoka, likabingirika mpaka bondeni. Séraphin alizima pikipiki, akageuza macho huku na huku akitafuta mgomba mwingine. Hapo palikuwa na mawe matupu, na jua halikuwa likimngoja mtu. Léontine alifumba macho.

"Pikipiki, twende," alisema. "Victorine anatungojea."

Kwanza alishika ncha ya koti la Séraphin. Kwenye jiwe la kwanza mikono ikakimbilia yenyewe kiunoni mwake, naye Séraphin akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Hivyo wakashuka, pua ya Léontine mgongoni mwake, jasho la aibu likimtiririka mpaka kifuani. Aliomba mlima uwafunike. Mlima haukuwafunika.

Kalembe walikuta mwanzi umelazwa barabarani, kizuizi cha serikali. Mlinzi wake alitaka karatasi ya Léontine ya ruhusa ya kusafiri, naye hakuwa nayo. Mlinzi akasema mwanamke bila karatasi hapiti, isipokuwa amefuatana na bwana yake. Wengine wanalala hapo, wanangojea mkubwa aje kesho. Akamgeukia Séraphin, akamuuliza kama huyu ni bibi yake.

Séraphin aliinama, akapangusa matope kwenye gurudumu. Aliangalia chini, na machozi yakamlenga.

"Papa, umesahau bibi yako?" mlinzi alicheka. "Ao umemuiba?"

Mkono wa mlinzi ulikuwa umekwisha kushika usukani wa pikipiki. Kesho ingemkuta Victorine amezikwa.

"Iko bwana yangu," alisema Léontine. Sauti aliisikia kama ya mtu mwingine. "Amenikasirikia tu. Fungua."

Mlinzi aliinua mwanzi, akamshauri Séraphin amnunulie mama huyu kitenge, kwa maana mwanamke mzuri namna hii hanuniwi. Waliingia porini. Tangu hapo hata na pikipiki hakuna aliyezungumza nayo tena.

Jua lilikuwa linazama walipofika Mubi. Séraphin alibaki nje, uso ukutani. Ndani, mzalishaji, Mama Joséphine-Marie, alikuwa ameshika mkono wa Victorine kama mtu anayemzuia mwenzake asiondoke. Léontine alichota maji, akayajaza kinywani, akayapuliza juu ya tumbo lile.

"Kile kilikuwa ndani ya roho yangu, nimekitema," alisema. "Zaa."

Taa ilikuwa bado haijawashwa mtoto alipolia. Msichana, mzima.

Joséphine-Marie alimuosha mtoto huku akiimba. Akasema ameona wake-wenza wengi wakirogana, lakini wa kuvuka milima yote hiyo ili kumwokoa mwenzake, bado. Lazima aende nje akamwambie Papa kwamba Mungu amempa bibi mkubwa mwenye moyo. Léontine alimsihi aache. Aliona midomo ya Victorine inafunguka, akanyoosha mkono aizibe, akachelewa.

"Muke-mwenza gani, Mama?" alisema Victorine. "Huyu njo mama alinizaa."