Kisogo cha Kiyimba

"Soma mstari wa kumi na mbili," Kiyimba aliuambia ukuta wa korido.

Ndani ya chumba, Nakibuule alisoma kwa sauti. Mlango ulikuwa wazi, na kati yao hapakuzidi hatua tatu, lakini mwalimu alikuwa amempa mwanafunzi wake kisogo. Wiki ya tatu hii.

Katika hosteli ile ya Wandegeya kila mtu alimjua Kiyimba. Mwanachuo wa mwaka wa mwisho, aliwafundisha wenzake hesabu, kemia na kuandika programu za kompyuta. Zamani aliketi nao kitandani, Nakibuule huku, Apio kule, wakigombania karanga kwenye gazeti moja, na Nakibuule akikosea hesabu alipigwa kofi la mgongo. Kisha Jumamosi moja Kiyimba akaenda kijijini na kanzu iliyopigwa pasi. Aliporudi, hakumtazama tena Nakibuule. Daftari likihitaji kusahihishwa, Apio alilibeba kutoka kwa huyu hadi kwa yule kama tarishi.

"Umemfanya nini?" Apio alimuuliza Nakibuule, mwenzake wa chumba.

"Mambo ya nyumbani."

"Na wewe, kaka, una nini naye?"

"Namheshimu," Kiyimba alijibu.

Apio alicheka mpaka akakohoa. Kwao Lira, wapenzi waliogombana walisema hivyo hivyo.

Leo mzaha uliisha. Nakibuule alikuwa ameanguka somo la programu mara mbili. Akianguka mara ya tatu, chuo kingemfukuza. Kazi ilitakiwa itumwe kabla ya saa nane, na mtandao wa chuo ungeisahihisha papo hapo. Saa saba na nusu, programu yake, iliyopaswa kuandika "Karibu" mara kumi, ilikuwa ikiandika bila kikomo. Karibu, karibu, karibu, kama mwenyeji aliyerukwa na akili. Kuitoa kompyuta nje haikuwezekana: betri ilishakufa, na waya wake mfupi ulifika kitandani tu.

"Ingia uangalie mwenyewe!" Apio alifoka.

"Asome tu. Nasikia."

"Mwenzio anafukuzwa chuo, wewe unaringa na ukuta!" Apio alimshika mabega, akamsukuma ndani, akafunga mlango kwa ufunguo. "Patananeni humo! Mkitaka kubusiana, busianeni, lakini kompyuta ipone!"

Ndani kukazuka mayowe ya watu wawili. Kiti kikaanguka.

"Usinisogelee!" Nakibuule alilia.

"Sisogei! Jifunike!"

Halafu kishindo, nje ya jengo.

Apio alifungua mlango. Nakibuule alikuwa amejibanza pembeni mwa kitanda, shuka kichwani. Dirisha lilikuwa wazi. Chini, ghorofa moja, Kiyimba alikuwa amepiga magoti katikati ya magimbi ya mwenye nyumba, ameshika kifundo cha mguu, kisogo chake bado kimeelekea dirishani.

"Mstari wa kumi na tatu!" alipaza sauti.

Nakibuule alisoma wa kumi na tatu, wa kumi na nne, wa kumi na tano.

"Ngoja. Hiyo *n* inaongezwa wapi?"

"Haiongezwi popote."

"Basi itafikaje kumi? Iongeze moja, kabla ya mabano ya kufunga!"

Vidole vikakimbia. Karibu zikaandikwa kumi, zikakoma. Nakibuule akatuma zikiwa zimebaki dakika mbili. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri tena, kisha ikaandika kwa rangi ya kijani: *Umefaulu.*

Apio aliruka, akapiga vigelegele, akaangua kilio. Alipotulia alimsukuma rafiki yake kuelekea dirishani. "Mtu amevunjika mguu kwa ajili yako! Shuka ukamkumbatie!"

"Nimkumbatie? Unataka nitetemeke mwili mpaka kufa? Kwetu, sisi wawili tukigusana, ndio ugonjwa unaotupata!"

Nakibuule alitema kiganjani bigijii aliyokuwa akitafuna, akajiviringisha shuka usoni, akasogea dirishani bila kuchungulia.

"Inuka, mwanangu," alisema msichana yule wa miaka ishirini. "Dada yangu amekupa bintiye umuoe. Ukifika harusini unachechemea, mimi mama mkwe wako nitawaambia nini watu?"