Kila Mtu na Mwenzake

Yule mwanamume wa koti la kijani alikuwapo tena. Alisimama chini ya paa la kituo cha mafuta, mikono mfukoni, akilitazama basi lao kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

Mwalimu Gretchen Halvorsen alimtambua mara moja. Alimwona Prague, mlangoni pa hoteli. Akamwona Vienna, amemganda mwanafunzi wake Tanner kwa maswali: mnatoka wapi, mnakwenda wapi, leo mnalala wapi. Na Tanner, mtoto wa watu, kamwaga yote. Sasa huyu hapa, kando ya barabara kuu ya kwenda Slovenia, mvua inanyesha hasa. Mara tatu si bahati, jamani.

Birgit, mwongoza ziara, alipoambiwa alicheka. "Ulaya ndogo hii, Mwalimu. Watalii hukutana tu." Kisha akatangulia kwa treni kwenda Ljubljana kupanga vyumba, akamwachia watoto na dereva, mzee Imre, Mhungari mnene asiyejua Kiingereza zaidi ya kusema ndiyo, hapana na choo.

Halvorsen hakuona cha kuchekesha. Kule kwao Minnesota wazazi walikuwa wameosha magari ya watu na kuuza keki majira mazima ili watoto wakaione Ulaya. Siku ya kuagana, mama yake Paige alimshika mkono asiuachie. "Sina mwingine, Mwalimu. Ni huyo huyo."

"Nitamrudisha," alimjibu. "Wote nitawarudisha."

Hakusema kwa mdomo tu. Shule ya jirani walimsahau mtoto mjini Roma, na mwalimu yule hakukanyaga tena darasani. Ndiyo maana Halvorsen alikuwa na sheria yake ya wawili wawili. Hamna kuhesabu vichwa, maana watoto huhamahama viti mpaka hesabu ikapotea. Kila mwanafunzi ana mwenzake, na basi likitaka kuondoka kila mmoja anapaza jina la mwenzake aliyemwona kwa macho. Asiyetajwa hayumo.

"Mwalimu," Paige alinong'ona, soseji mkononi. "Yule baba anakuja."

Kweli. Koti la kijani lilikuwa limeanza kutembea kuelekea kwenye basi, bila haraka yoyote.

"Ndani! Wote ndani!" Halvorsen alipiga ukelele. "Acheni chakula, acheni foleni, kimbieni!"

"Maddox yuko chooni!"

"Mungu wangu! Kwa nini siku zote Maddox?"

Alikwenda mwenyewe mbio mpaka msalani, akamtoa kijana zipu haijafungwa, akamkokota mvuani. Alipoangaza tena, koti la kijani halikuonekana popote. Hilo lilimtisha zaidi. Heri adui unayemwona. Aliwasukuma watoto wa mwisho kwenye mlango wa katikati, uliokuwa karibu na mkahawa, naye akapanda nyuma yao.

Kule mbele injini ilikuwa tayari inanguruma. Mungu ambariki Imre, aliwaza, mzee ameelewa bila kuambiwa.

"Twende!" alipaza sauti juu ya vichwa vyao. "Dereva, twende, twende!"

Milango ikafungwa. Basi likaondoka kwa kishindo, waliosimama wakaangukia viti. Papo hapo kofi zito likapiga ubavuni. Pa! Pa! Pa! Mtu alikuwa anakimbia sambamba nao, anapiga kelele kwa lugha isiyoeleweka, kiganja kikiteleza kwenye vioo vilivyojaa ukungu. Watoto wakapiga mayowe. Paige alimkumbatia mwalimu wake, akaficha uso.

"Usisimame!" Halvorsen alilia. "Tafadhali, usisimame!"

Halikusimama. Kiganja kikabaki nyuma, na kelele nazo zikapotelea mvuani.

"Haya, wenzi!" aliita.

"Tanner!"

"Brooklyn!"

"Maddox, na zipu bado!"

Wote wakaangua kicheko, kile kicheko cha watu waliotoka kuogopa. Majina yalifuatana mpaka viti vya nyuma kabisa, na hakuna aliyekosa wa kumtaja. Halvorsen alijibwaga kitini, machozi yakamtoka, wala hakujali nani anamwona. Alikuwa amewaokoa. Mama yake Paige angempata mwanawe.

"Mwalimu, hata dereva kaogopa," Tanner alisema. "Ule muziki wake kauzima."

"Tena asiuwashe," Brooklyn akadakia. "Tangu Prague tunasikilizishwa harusi za babu zake!"

Basi lilichepuka kutoka barabara kuu, likashika njia nyembamba iliyoingia msituni. Halvorsen aliliona hilo, akatabasamu. Imre amezeekea kwenye barabara hizi. Kama kapata kichochoro cha kumpoteza yule shetani, basi apewe maua yake.

Simu ikaita. Alikuwa Birgit.

"Birgit! Nilikwambia mimi! Alitufuata mpaka kituo cha mafuta, karibu aingie, lakini tumemwacha. Watoto wangu wote ninao, kila mtu na mwenzake!"

"Mwalimu, nisikilize." Safari hii Birgit hakucheka. "Imre amenipigia sasa hivi. Yuko hapo hapo kituoni, amelowa chapachapa, mkono umemvimba kwa kuligonga basi. Anauliza kwa nini mmemwacha."