Mguu Uliopona

Mzee muunga mifupa alifungua kamba za ngozi ya mbuzi, akaondoa vijiti kimoja kimoja. Mguu wa Kerrow ulitoka umepauka, umekonda kama mswaki.

"Kanyaga," mzee akasema.

Kerrow akakanyaga, mguu ukambeba. Akaurudisha nyuma, kama alivyozoea mbele ya goli kule Nairobi, ambako msimu huo ndio kwanza magazeti yalikuwa yameanza kumwandika. Goti likagoma katikati.

Mzee akatabasamu. "Umepona. Mguu huu utafuata ngamia mpaka Wajir."

"Na mpira, abti?" Kerrow akauliza, akimwita mjomba kwa heshima.

"Mpira unakamuliwa?" Mzee aliuliza bila kejeli, akitaka kujua.

Mama yake Kerrow, aliyesimama kando, akainua mikono. Tangu ukame wa tisini na sita uingie Modogashe na mumewe azikwe, alikuwa akimwomba Mungu mwanamume mmoja tu wa kuwafikisha ngamia kisimani.

"Alhamdulillahi," akasema, akilia na kucheka.

Kerrow alimtazama. Hakuwa amemwona akicheka tangu msiba.

"Alhamdulillahi, hooyo," akamjibu mama yake.

Mama akaingia ndani, akarudi na akala za marehemu mumewe, ndara zilizokatwa kwa tairi la lori. Akapiga magoti, akamvisha.

Zikamtosha.