Marashi ya Ngiri

Hekaya hii aliisimulia kwanza bibi yetu Mwanashehe binti Kombo, mwaka alioozwa shangazi Mwanakheri.

Fisi alikuwa mvivu. Maganda ya ndizi na machicha ya nazi aliyamwaga mlangoni kwa Ngiri, mpaka shimo likaanza kuziba na watoto wa Ngiri wakakosa pumzi. Ngiri akamshtaki barazani.

Fisi akacheka. "Taka ni ya mwenye mlango, atake asitake!"

Wanyama walimwogopa, wakaipitisha iwe sheria.

Mchwa, fundi mtaratibu, akamwonea Ngiri huruma. Alimfuga Chachu, kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza utamu kuwa pombe. Mchwa akambadilisha maumbile: sasa ale taka, atoe marashi.

"Mmwage hapo, dada," alimwambia Ngiri, "kisha umwache ale."

Rundo likapungua, watoto wakatoka, na harufu nzuri ikaenea mbugani. Wanyama wakaja na vibuyu. Fisi naye akaja mbio.

"Nataka taka zangu!"

"Zako, kaka?"

"Zangu! Ndizi nilizila mimi!"

"Taka ni ya mwenye mlango, utake usitake. Ila ukitaka marashi, lete nyingine. Na usitupe ovyo, tafadhali, upange vizuri."

Fisi akawa anapanga.

Fisi alikufa akinukia. Ngiri amefariki, na Mchwa pia. Aliye hai mpaka leo ni Chachu, maana kila akishiba hugawanyika wawili, na wote wawili wana njaa.