Injini ya Watu

Kwa miaka tisa Mwajabu aliunda gari la mbio kwa mikono yake, akalitia injini ya gari lililopata ajali. Siku ya mashindano ya kupanda mlima, mwamuzi alifunua boneti akacheka.

"Dada, hii si injini ya watu?"

"Ni ya watu, kaka. Bodi na chesisi nimeunda mimi. Nipe namba nishindane."

Akapewa namba ya mwisho. Gari likanguruma, likakata kona zote saba bila kuteleza, likafika kileleni kwa muda mfupi kuliko magari mengine yote. Watu wakalipuka kwa vifijo.

Mwamuzi alimfuata huko juu, kofia mkononi.

"Niandike gari gani limeshinda?"

Mwajabu hakuwahi kulipatia gari hilo jina. Aliokota chaki, akapiga magoti mbele ya boneti iliyokuwa ingali ya moto, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe.