Sauti ya Marehemu

Haya nilisimuliwa na jirani yangu Mwanamtama, juzi tukichambua mchele.

Siwema alikuwa amekaa eda. Simuni mwake mlikuwa na sauti ya marehemu mumewe ikisema, "Nyumba hii ni ya Siwema." Ushahidi mwingine hakuwa nao. Hamduni, mdogo wa marehemu, akaja kumpa pole, akaiomba ile simu, akaibonyezabonyeza, akamrudishia.

"Simu huibwa, shemeji. Nimekuwekea kila kitu mtandaoni, kwa namba yangu."

"Ahsante, Mungu akulipe."

Hamduni alipoondoka, Kibibi, binti wa Siwema, akaichukua simu, akaguna. "Mama, akifuta kwake, na huku kwetu inafutika!"

"Koma! Huyo ni baba yako mdogo."

Lakini Siwema akachungulia. Picha za harusi zilikuwa zinatoweka moja moja, na hakuna aliyezigusa.

Kibibi akazima data haraka. Sauti ya baba ilikuwa bado ipo.

Jioni ukaingia ujumbe wa Hamduni. "Shemeji, mbona umezima? Kesho nakuja kuitengeneza."

Siwema akaifunga simu kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo. Kibibi alilala mapema. Mama naye usingizi ukamchukua, ngumi imekaza lile fundo.