Zamu ya Kitanda cha Tatu

Saa nane mchana, katika chumba cha wagonjwa mahututi, Nesi Tumpe aliandika kwenye karatasi ya kitanda cha tatu, "Amegeuzwa kushoto," kabla hata hajanyanyuka kitini. Angemgeuza akimaliza chai. Ndivyo alivyomfanyia Bi Sikudhani kwenye kitanda hichohicho mwezi uliopita, mpaka kidonda kikamla mgongo hadi mfupani, akazikwa nacho.

Alipofika kitandani, mgonjwa, asiyeweza kutikisa hata kidole, alikuwa amelalia ubavu wa kushoto. Katikati ya magoti yake palikuwa na khanga iliyokunjwa, kama Bi Sikudhani alivyopenda kuwekewa.

"Nani amemgeuza?"

"Mwenzako," alijibu dada wa mgonjwa, aliyeketi pembeni. "Yule mama mwembamba. Maskini, naye anatembea kwa shida, kashika mgongo."

Siku hiyo Tumpe alikuwa zamu peke yake.

"Kasema usipokuja saa kumi, atakuja yeye."

Saa kumi kasorobo ilimkuta Tumpe kando ya kitanda, viganja vyake tayari viko chini ya bega la mgonjwa, macho mlangoni.